Nyumba ya Watu na Nyumba ya Gari



Katika mafundisho ya ndoa sisi makatekista huzungumza mengi juu ya uaminifu, juu ya wakwe, juu ya malezi ya watoto na juu ya sala ya familia. Juu ya kodi ya nyumba husema kidogo sana, kana kwamba hilo ni jambo la mwenye nyumba na mpangaji peke yao. Lakini ukikaa na wanandoa waliogombana, ukawasikiliza mpaka mwisho, mara nyingi utakuta ugomvi wao ulianza siku ya kuhama. Mmoja alilipa dipositi, mwingine akaletewa funguo.

Swali letu la leo ni hili. Mume au mke akipanga nyumba bila ridhaa ya mwenzake, nyumba ambayo itawabana wote wawili kila mwezi, je, amekosa busara tu, au amemkosea mwenzake haki yake? Wengi watajibu upesi kwamba ni upungufu wa busara, na kwamba hesabu ikirekebishwa mambo yatakuwa sawa. Mimi naona ni suala la haki pia, na ningependa tulifikirie pamoja pole pole, maana linagusa kile kiapo tulichokula mbele ya altare.

MJI MDOGO, SHIDA KUBWA

Tuchukue mji wa Voi, kusini mwa nchi yetu, katika Kaunti ya Taita-Taveta. Ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu, kilomita 150 hivi kutoka Mombasa na zaidi ya 300 kutoka Nairobi. Reli ya zamani ilifika hapo mwishoni mwa karne ya 19, na reli mpya ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017 Voi ilipewa stesheni yake. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, wafanyakazi wa kaunti nao wameongezeka. Makao makuu ya kaunti yako Mwatate, kama kilomita 25 kutoka Voi, lakini wako wafanyakazi wengi wanaokaa Voi kwa sababu ya soko, shule na usafiri, kisha huenda kazini asubuhi na kurudi jioni.

Katika mji wa namna hii mtu anayetafuta nyumba hukuta aina mbili. Ziko nyumba za ploti, ambapo vyumba huzunguka ua mmoja, wapangaji hutumia bomba moja, na kodi ni ya chini. Gari haliwezi kuingia humo. Ziko pia fleti mpya zenye ukuta, geti, mlinzi wa usiku na mahali pa kuegesha magari. Kodi yake iko juu, na sehemu ya kodi hiyo hulipia lile geti na ile nafasi ya gari, hata kama kwenye risiti imeandikwa "nyumba" tu.

Tena kuna jambo la maji. Chemchemi za Mzima ziko katika kaunti hiyo hiyo, na bomba lake hupeleka maji hadi Mombasa. Hata hivyo ndani ya Voi kuna siku mifereji hukauka, na watu hununua maji kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwa wenye mikokoteni. Nyumba yenye tanki kubwa juu ya paa na nyumba isiyo nalo ni nyumba mbili tofauti kabisa, hata zikiwa na vyumba sawa na rangi sawa.

Basi tuseme wako bwana na bibi wenye watoto watatu. Bwana anafanya kazi Mwatate, bibi ni mwalimu pale mjini. Wamenunua gari kuukuu kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Siku moja bwana anarudi amefurahi.

"Mama watoto, nimepata nyumba. Ina geti, ina mlinzi, gari litalala ndani. Dipositi nimeshalipa."

"Baba watoto, tanki la maji liko?"

"Hilo sikuuliza."

Hapo hakuna aliyesema uongo, wala hakuna aliyemtukana mwenzake. Kila mmoja ameuliza juu ya mzigo anaoubeba yeye. Bwana ndiye huamka usiku akisikia mlio barabarani, akihofia betri imeng'olewa au kioo cha pembeni kimeibwa. Bibi ndiye hupanga mitungi jikoni na kuhesabu kama maji yatatosha kuosha watoto na kufua sare za shule. Nyumba ile ilichaguliwa kwa jicho moja, lakini itakaliwa na miili mitano.

NAFUU NI NINI?

Kila mtu anatafuta nyumba ya bei nafuu. Neno hili tunalitumia ovyo. Wengine hudhani nafuu ni ile kodi unayoweza kuilipa siku ya mshahara. Siku hiyo karibu kila nyumba ni nafuu. Kipimo cha kweli ni tarehe 20 ya mwezi, mama anapofungua kopo la unga.

Tufanye hesabu ya mfano. Ninyi mtaweka tarakimu zenu. Tuseme baada ya makato yote wawili hawa huleta nyumbani shilingi 58,000 kwa mwezi. Nyumba isiyo na nafasi ya gari ni shilingi 10,000. Ile yenye geti ni shilingi 16,000. Bwana anaangalia 16,000 ndani ya 58,000 anasema, "Tunaweza." Sasa tuendelee. Mkopo wa gari unalipwa 12,000 kila mwezi. Mwatate kwenda na kurudi ni kilomita 50, na kwa siku 22 za kazi ni kilomita 1,100. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita moja litakunywa lita 92 hivi, na tukihesabu lita kwa shilingi 180, hiyo ni karibu shilingi 16,500. Jumlisha kodi, mkopo na mafuta, utapata 44,500. Zimebaki 13,500. Ndani ya hizo mtatoa chakula cha watu watano, karo, gesi, tokeni za stima, maji, zaka ya kanisa, na kitu kidogo cha wazazi kule nyumbani.

Hesabu hii imetuonyesha jambo ambalo hatukuwa tukilitafuta. Tofauti ya kodi kati ya nyumba hizo mbili ni shilingi 6,000 kwa mwezi, yaani 72,000 kwa mwaka. Tukiiweka pamoja na mkopo na mafuta, gari peke yake linakula 34,500, zaidi ya nusu ya pato la familia, kabla hatujataja bima wala fundi. Wanandoa hawa wangeweza kugombana mwaka mzima juu ya nyumba, na kumbe waliyepaswa kumjadili amelala nje akiwa na magurudumu manne.

Sisemi kwamba gari ni anasa. Yuko mtu ambaye gari ndilo shamba lake. Anayeendesha teksi, anayeteremsha mboga kutoka Wundanyi kwenda sokoni, anayempeleka mzazi mgonjwa kliniki kila wiki, huyo akilipia mahali salama pa gari analipia chombo cha kazi au cha upendo. Mwingine gari lake hutoka Jumapili tu, na siku nyingine hukaa likitazamwa na majirani. Wawili hao wanaweza kulipa kodi sawa katika fleti moja, mmoja akiwa na busara na mwingine akiwa anawanyima watoto wake maziwa ili gari lipate ukuta. Kwa nje huwezi kuwatofautisha. Wanaoweza ni mume na mke wenyewe, wakiambiana ukweli.

Sheria ya nchi inajua kwamba mshahara unaweza kuliwa wote kabla haujafika nyumbani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza makato yote ya mfanyakazi yasizidi theluthi mbili ya mshahara wake, ili ibaki angalau theluthi moja ya kuishi. Tangu sheria ya nyumba za bei nafuu ya mwaka 2024 imeongezeka na asilimia 1.5 ya mshahara inayokatwa kwa ajili ya nyumba hizo. Lakini ile theluthi iliyobaki ikishaingia mkononi, hakuna sheria inayoilinda. Mlinzi wake ni maagano yenu ninyi wawili.

MANENO YA KANISA

Kanisa halijanyamaza juu ya nyumba. Maaskofu walipokutana katika Sinodi ya mwaka 1980 juu ya familia, waliomba iandikwe hati ya haki za familia. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alilitaja ombi hilo katika wosia wake wa kitume Familiaris Consortio wa mwaka 1981, na mwaka 1983 Kiti Kitakatifu kikatoa Hati ya Haki za Familia. Ibara yake ya 11 inasema kwamba familia ina haki ya kuwa na makao ya heshima, yanayofaa maisha ya familia na yanayolingana na idadi ya watu wake, mahali penye huduma za lazima. Angalieni kipimo kilichowekwa hapo: idadi ya watu, na huduma za maisha. Hayo ndiyo ya kwanza kuulizwa juu ya nyumba, na mengine yote hufuata nyuma yake.

Yoshua bin Sira naye alikwisha kusema zamani (YbS 29:21) kwamba mambo ya lazima ya uhai ni maji, mkate, mavazi, na nyumba ya kumsitiri mtu. Ameanza na maji! Mama wa Voi angemwelewa vizuri sana.

Wako Wakristo wanaoona haya kwamba wanakaa nyumba ya kupanga, wakidhani heshima ya familia ni kuwa na ploti yao. Wasione haya. Mtume Paulo mwenyewe alikaa Roma miaka miwili mizima katika nyumba aliyoipanga kwa gharama zake, akiwapokea wote waliomjia (Mdo 28:30). Tena tunao Akila na Priska, mume na mke, mafundi wa mahema. Walifukuzwa Roma kwa amri ya Klaudio, wakahamia Korintho, kisha wakaenda Efeso (Mdo 18), na popote walipokwenda nyumba yao ilikuwa na nafasi ya mgeni na ya kusali. Maandiko hayatuambii nyumba zao zilikuwa na uzuri gani. Yanatuonyesha wawili hao wakitajwa pamoja kila mara, wakihama pamoja na kufanya kazi pamoja.

NI HAKI, KWA SABABU NI RIDHAA

Sasa turudi kwenye swali letu. Kwa nini nasema ni suala la haki?

Kanisa linafundisha kwamba kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wawili. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1057, inasema hakuna mamlaka ya mwanadamu inayoweza kuitoa ridhaa hiyo kwa niaba yao. Baba hawezi kusema "nakubali" badala ya binti yake, wala padre hawezi kulisema badala ya bwana arusi. Kama hakuna ridhaa, hakuna ndoa, hata kama keki imekatwa na kwaya imeimba.

Wengi wetu tunadhani ridhaa ile ilikwisha kazi yake siku ya arusi. Haikwisha. Siku ile ilitufundisha namna ya kuishi siku zote zinazofuata: kwamba kati ya wawili hawa, mzigo wa wote haufungwi na mmoja. Kodi ya nyumba ni mzigo wa wote. Inaamua watoto watasoma wapi, mama atatembea umbali gani, baba atarudi saa ngapi, bibi mzaa baba akija kutibiwa atalala wapi. Ukiufunga mzigo huo peke yako ukauweka kichwani mwa mwenzako, umemfanya awe mdaiwa wa deni ambalo hakulikopa. Hata kama nyumba ni nzuri, umemchukulia kitu chake, yaani neno lake.

Tena tazameni jambo hili. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema nyumba ya ndoa mnayoimiliki haiwezi kuwekwa rehani wala kukodishwa bila ridhaa ya maandishi ya wote wawili. Lakini mnapokuwa ninyi ndio mnaopanga nyumba ya mtu mwingine, mwenye nyumba hamwulizi mke wala mume wa mpangaji. Anataka sahihi moja na pesa. Kwa hiyo aliye na nyumba yake analindwa na sheria. Mpangaji analindwa na uaminifu wa mwenzi wake tu. Na wapangaji mijini ni wengi.

MAJIBU TUNAYOYASIKIA

"Mimi ni kichwa cha nyumba." Ni kweli, Mtume Paulo ameandika hivyo kwa Waefeso. Lakini sura hiyo hiyo ya 5, kabla ya kufika hapo, inawaagiza Wakristo kunyenyekeana wao kwa wao, na baada yake inamwagiza mume ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake. Kichwa chenye afya huwa cha kwanza kujua mguu umechomwa na mwiba. Kichwa kisichojua mguu unaumia wapi ni kichwa kinachoumwa.

"Pesa ni zangu, nimezitolea jasho." Jibu hili linatoka kwa wanaume, na siku hizi linatoka kwa wanawake pia. Yuko mke anayepata mshahara mkubwa kuliko mumewe, naye huhamisha familia kwenda gorofa ya wenzake wa chama kwa sababu anaona haya kuwakaribisha kwenye ploti. Mume akinung'unika huambiwa, "Kwani wewe unalipa?" Hilo ni kosa lile lile limevaa kitenge. Mshahara una jina la mtu mmoja kwenye karatasi, lakini siku ya arusi hatukusema tunaunganisha miili tukiacha mifuko nje.

"Nilitaka kumshangaza afurahi." Hili ni jibu la upendo, na tuliheshimu. Lakini zawadi ni kitu ambacho anayepewa hatakilipia. Mletee mkeo kanga, mletee mumeo shati, hiyo ni zawadi. Nyumba ambayo kodi yake itapunguza sukari mezani mwezi ujao haiwezi kuwa zawadi, maana mwenye kupewa ndiye atakayeilipia kwa mwili wake.

"Nyumba nzuri haikai, ningechelewa ingechukuliwa." Hilo hutokea kweli, hasa kwa aliyepata uhamisho wa ghafla na familia bado iko mbali. Lakini dipositi ulituma kwa simu. Simu iliyoweza kutuma pesa ingeweza kuuliza swali. Dakika tano za kuzungumza hazijawahi kumnyima mtu nyumba ambayo Mungu alimtakia.

JE, NI DHAMBI?

Wengine watataka niseme waziwazi. Tutofautishe. Yule aliyekosea hesabu kwa haraka, akamwambia mwenzake ukweli siku hiyo hiyo, huyo amekosa busara, na aombe msamaha nyumbani. Yule aliyejua mwenzake hatakubali, akaharakisha kulipa ili mambo yawe yamekwisha, huyo amemdharau mwenzake kwa makusudi, na hilo alipeleke kwenye kitubio. Yule anayedanganya juu ya kiasi, akisema kodi ni 10,000 kumbe ni 16,000, au anayeficha malimbikizo mpaka siku mwenye nyumba anapofunga mlango kwa kufuli yake, huyo ameongeza uongo juu ya dharau. Mara nyingi uongo wa kodi huzaa mkopo wa siri, na mkopo wa siri huzaa simu zinazopokelewa nje ya nyumba. Mwenzi akiziona simu hizo hudhani kuna mtu wa tatu. Ndoa imevunjika kwa tuhuma ya uzinzi, na kumbe yule mtu wa tatu ni deni.

NENO KWA WENYE NYUMBA

Baadhi ya wasomaji wetu ni wenye fleti, nao ni waumini wazuri. Niwaambie mambo mawili. La kwanza, msiikatae familia kwa sababu ina watoto wengi. Yosefu na Maria walikosa nafasi katika nyumba ya wageni, na tunawaimbia kila Krismasi. La pili, mnapogawa uwanja wenu, kumbukeni kwamba ua wote ukichorwa mistari ya magari, watoto watacheza barabarani. Kama inawezekana, tenganisheni malipo ya gari na kodi ya nyumba, ili asiye na gari asilipie gari la jirani, na mwenye gari ajue linamgharimu kiasi gani.

MFANYE NINI?

Kabla ya kutafuta nyumba, kaeni chini. Bwana wetu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama (Lk 14:28). Yeye aliyeketi ni mmoja, lakini ninyi ni wawili, basi ketini wawili. Chukueni karatasi moja. Upande mmoja kila mtu aandike mambo matatu ambayo nyumba ni lazima iwe nayo. Upande wa pili andikeni pesa zote zinazoingia na zote zinazotoka, pamoja na madeni ambayo mwenzako hayajui. Hapo ndipo penye ugumu, na hapo ndipo penye uponyaji.

Kubalianeni kiasi ambacho hakuna mmoja wenu atakayekivuka bila mwenzake. Halafu nendeni kuiona nyumba pamoja, ikiwezekana mara mbili. Mchana kila nyumba ni tulivu. Nendeni jioni muone kama kuna kelele na kama njia ina taa, mfungue mfereji, mwulize wapangaji maji hutoka siku gani. Someni mkataba: notisi ni ya muda gani, dipositi hurudishwa kwa masharti gani, nani hulipia rangi mkihama.

Juu ya gari, msidhani mna njia mbili tu. Katika miji mingi kuna viwanja vyenye mlinzi ambavyo mtu hulaza gari kwa malipo ya usiku. Pengine malipo hayo ni madogo kuliko ile tofauti ya kodi. Pengine bwana na mwenzake wa kazini wanaweza kwenda Mwatate kwa gari moja, wiki hii lako, wiki ijayo lake. Na pengine, baada ya kupiga hesabu, mtaona heri gari liuzwe mpaka watoto wamalize shule. Uamuzi wowote mtakaoufikia pamoja utabebeka kuliko uamuzi mzuri wa mtu mmoja.

IKIWA MMESHAHAMIA

Labda unasoma haya ukiwa tayari ndani ya nyumba ambayo hukuulizwa, au ambayo hukumwuliza mwenzako. Msihame kesho kwa hasira. Aliyekosea na aseme, "Sikukuuliza, na ilikuwa haki yako." Asiongeze "lakini". Aliyekosewa naye ana wajibu wake. Amekwisha kuombwa msamaha, basi asiifanye kila sahani ya ugali kuwa kesi, akikumbusha geti kila chumvi inapopungua. Kisha pangeni tarehe ya kuipima nyumba tena, baada ya miezi mitatu kwa mfano, mkiwa na karatasi ile mkononi. Kama haifai, toeni notisi kwa heshima, lipeni mlichokuwa mkidaiwa, mhame. Kurudi ploti si aibu kwa watu waliorudi wakiwa wameshikana mikono.

Na watoto waelezwe. Mtoto anayeambiwa ukweli, kwamba tunahamia nyumba ndogo ili tubaki na karo, hujifunza kitu ambacho hakifundishwi darasani. Yule anayesikia minong'ono usiku hujifunza kuogopa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI AU KATIKA JUMUIYA

1. Nyumba tunayokaa sasa, nani aliichagua? Mwingine aliulizwa nini?
2. Je, mwenzangu anajua kiasi kamili cha kodi, na kama tuna malimbikizo?
3. Ni kitu gani katika nyumba hii tunakilipia kwa sababu ya majirani kuliko kwa sababu yetu?
4. Nani kati yetu hubeba maji, nani hubeba hofu ya usiku, na je, tumewahi kuambiana?
5. Gari letu, kama tunalo, linaihudumia familia, au familia inalihudumia?

Mkae juu ya maswali haya jioni moja, televisheni ikiwa imezimwa, mkianza na Baba Yetu. Mkifika kwenye mkate wetu wa kila siku, simameni kidogo mkumbuke kwamba hata kodi imo katika ombi hilo. Mungu azibariki nyumba zenu, zilizojengwa na zilizopangwa, na wote wanaolala ndani yake.